Pikipiki iliyotumika: Pima kazi iliyofanya kabla ya kutoa fedha za mavuno

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wengi nchini Tanzania hufikia uamuzi wa kununua pikipiki mara baada ya kuuza mazao. Fedha za mahindi, mpunga, kahawa au nyanya zikiingia mkononi, hesabu ya kwanza huwa ya usafiri: namna ya kufikisha mzigo sokoni bila kulipa nauli kila safari, na namna ya kufikisha mbolea shambani kabla mvua hazijakatika. Kwa kuwa bei ya pikipiki mpya huwashinda wengi, wanunuzi hao huelekea kwenye zilizokwishatumika.

Hapo ndipo kipato cha msimu mzima kinapoweza kupotea kwa siku moja. Pikipiki iliyopakwa rangi upya, ikafungwa kiti kipya na kubandikwa stika zinazong'aa, inaweza kuwa na injini iliyochoka, fremu iliyoungwa kwa moto au kadi yenye jina la mtu asiyejua kuwa chombo chake kinauzwa. Mkulima akigundua hayo wakati nyanya zimeiva, hasara huwa mara mbili: fedha alizotoa na mazao yanayoozea shambani.

Hata hivyo, pikipiki iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri kwa mtu mwenye fedha kidogo. Zipo nyingi zilizo nzima, na muundo wake ni rahisi kiasi kwamba karibu kila kasoro kubwa huonekana, husikika au huhisiwa kwa mkono. Kinachotakiwa ni mnunuzi kuacha kutazama mwaka na rangi, apime kazi ambayo chombo kimekwishafanya, upatikanaji wa vipuri mahali anapoishi, na usafi wa karatasi zake.

Pikipiki hizi zinatoka wapi

Kwa miaka mingi pikipiki zilizoonekana vijijini zilikuwa za Kijapani, hasa Honda, Yamaha na Suzuki, na wengi waliozitumia walikuwa mabwana shamba, watumishi wa afya na wafanyakazi wa miradi. Katika miaka ya 2000 pikipiki za China zilianza kuingia kwa wingi na kwa bei nafuu, na za India kama Bajaj Boxer na TVS nazo zikashika soko. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo, na bodaboda ikawa ajira ya vijana wengi mijini na vijijini.

Matokeo yake ni kwamba pikipiki nyingi zilizotumika zinazouzwa sasa zimepitia kwenye bodaboda. Nyingi kati ya hizo zilianza kazi kwa mkataba. Katika utaratibu huo, mwenye fedha hununua pikipiki mpya na kumkabidhi kijana, naye kijana huleta kiasi cha fedha walichokubaliana kila siku au kila wiki, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Akimaliza mkataba, pikipiki inakuwa yake. Wengi wakishamaliza huiuza ili waongezee fedha na kuchukua nyingine.

Ni utaratibu uliowainua vijana wengi, lakini mnunuzi wa pili anapaswa kuelewa maana yake. Katika kipindi cha mkataba dereva hukimbizana na hesabu ya siku. Siku ya kulaza pikipiki kwa fundi ni siku ya deni, hivyo matengenezo mengi huahirishwa.

Umri wa chombo na kazi yake

Hesabu ndogo inaonyesha tofauti iliyopo. Dereva wa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha kilomita 31,200 kwa mwaka. Mkulima anayetembea kilomita 100 kwa wiki nzima, kwenda shambani, mnadani na dukani, hufikisha kilomita 5,200. Kwa hesabu hiyo, pikipiki ya bodaboda yenye umri wa mwaka mmoja imezunguka sawa na ya mkulima yenye umri wa miaka sita.

Mnunuzi anayeuliza tu pikipiki ni ya mwaka gani anaweza, kwa hiyo, kuikataa iliyo nzima na kuchukua iliyochoka. Swali lenye faida zaidi ni nani alikuwa akiitumia, kwa kazi gani, na katika barabara za aina gani.

Mita ya kilomita haitoshi kujibu swali hilo. Mara nyingi huwa imekufa, waya wake umechomolewa au dashibodi nzima imebadilishwa. Vielelezo vinavyoaminika zaidi ni vile ambavyo muuzaji hasumbuki kuvibadilisha: mipira ya kukanyagia, kanyagio la gia, kanyagio la breki, kiki na tundu la ufunguo. Mita ikisoma kilomita 8,000 huku kanyagio la gia limelika hadi kung'aa, kanyagio ndilo linalosema kweli.

Zipo pia pikipiki zinazouzwa kwenye minada ya taasisi, halmashauri na miradi. Hizi mara nyingi zina historia nzuri ya matengenezo, lakini zipo zilizokaa miaka kadhaa nyuma ya ofisi zikipigwa na mvua. Tangi huota kutu kwa ndani, sili hukauka na kabureta huziba. Aidha, chombo kilichoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi kinaweza kudaiwa kodi kinapohamia kwa mtu binafsi. Anayekwenda mnadani anashauriwa kuulizia jambo hilo kabla ya kutaja bei, kwa kuwa gharama hiyo inaweza kula unafuu wote alioufuata.

Aina inayofaa kazi

Kabla ya kuangalia bei, mnunuzi aorodheshe kazi atakazofanya. Mkulima wa mbogamboga wa Lushoto, anayepanda na kushuka milima akiwa na kabichi, hana mahitaji sawa na muuza duka anayetembea kwenye lami tambarare. Naye mkulima wa mpunga wa Bonde la Kilombero anapambana na tope na maji kila masika.

Kwa mizigo na milima, pikipiki za cc 150 kama Boxer BM150 huvuta vizuri zaidi. Kwa safari fupi, mzigo mdogo na uchumi wa mafuta, za cc 100 hadi 125 kama TVS HLX 125 zinatosha. Zikiwa nzima, pikipiki za kundi hili huweza kwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja ya petroli, ingawa mzigo mzito na njia mbovu hupunguza kiasi hicho. Tofauti ya ukubwa wa injini inagusa pia leseni ya udereva: daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125, na daraja A ni la zile zinazozidi hapo.

Pikipiki nyingi za China hutumia injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambako matunzo huwa haba. Badala ya cheni ndefu ya ndani, vavu zake husukumwa na fimbo. Ni injini ambayo fundi wa kijijini anaifumua na kuirudisha bila vifaa vingi. Udhaifu wa baadhi ya pikipiki hizo huwa kwenye vitu vinavyoizunguka injini, yaani fremu, shokomzoba, nyaya za umeme na rimu, na hapo ndipo pa kukagua kwa makini.

Za zamani za Kijapani kama Yamaha DT125 na AG100 bado zina wapenzi wake. AG100 iliundwa kwa kazi za shamba hasa: cheni yake imefunikwa isipate matope, ina keria mbele na nyuma, na stendi mbili za pembeni ili isimame upande wowote wa mteremko. Lakini injini zake huunguza oili pamoja na petroli, hivyo mwenye nayo ana gharama ya ziada kila anapojaza mafuta, na vipuri vyake havipatikani kila mahali.

Mara moja moja hutokea pikipiki ndefu za starehe, zenye kiti cha chini na usukani uliorudi nyuma, kama Bajaj Avenger au Yamaha Virago, zikiuzwa kwa bei iliyoshushwa. Kwa anayeishi mjini na kutembea kwenye lami, zinapendeza na hazichoshi mgongo. Kwa mkulima zina matatizo: tumbo lake liko karibu na ardhi na hugonga kwenye makorongo, urefu wake husumbua kwenye vijia vya shambani, na vipuri vyake ni vya kuagiza. Bei ndogo ya chombo ambacho wanunuzi wake ni wachache haimaanishi kuwa matunzo yake nayo ni nafuu.

Kanuni rahisi ni hii: mnunuzi apite kwanza kwenye maduka matatu ya vipuri ya mji ulio karibu naye, siyo Kariakoo, aulize seti ya cheni, pedi za breki, ringi za pistoni na kabureta ya aina anayoifikiria. Kama maduka mawili kati ya hayo hayana, aina hiyo haimfai hata ikiwa nzima kiasi gani.

Bajeti isiishie kwenye bei

Kosa linalowaumiza wengi ni kutoa fedha zote walizonazo kama bei. Pikipiki iliyotumika huhitaji matumizi fulani katika mwezi wa kwanza: oili mpya, cheni au tairi, pengine beringi, ada za kubadilisha umiliki na bima. Asiye na akiba huanza kuitumia ikiwa na kasoro, na kasoro ndogo huzaa kubwa.

Njia salama ni kutenga sehemu moja ya tano ya fedha yote. Mwenye Sh1,500,000 atafute pikipiki isiyozidi Sh1,200,000 na aweke Sh300,000 pembeni. Ikitokea nzuri ya Sh1,500,000 kamili, ni heri asubiri au aongeze fedha kwanza kuliko kuichukua akabaki mikono mitupu.

Ukaguzi wa injini

Mnunuzi afike mchana, mahali penye mwanga, na ikiwezekana aende na fundi wake mwenyewe, siyo wa muuzaji. Malipo ya fundi kwa saa moja ni madogo kuliko gharama ya kufumua injini.

Jambo la kwanza ni kugusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla ya mteja kufika, na huenda anaficha tabu ya kuwaka asubuhi. Mnunuzi anaweza kusubiri ipoe au kupanga kurudi kesho yake mapema.

Kiki isukumwe taratibu kwa mkono. Injini yenye nguvu huikataa mahali fulani, kisha huiachia. Kiki ikishuka bila ubishi wowote, ringi, silinda au vavu zimechoka.

Kijiti cha oili kichomolewe na kutazamwa. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa chombo cha kazi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaonyesha maji yameingia, jambo linalotokea kwa pikipiki zilizovushwa kwenye mito au kuzama kwenye mafuriko. Chembe zinazometameta ni chuma kinachosagika ndani.

Injini ikishawaka, moshi wake usomwe. Mvuke mweupe wa dakika za mwanzo asubuhi hauna tatizo. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, na kwa injini zisizochanganya oili hiyo ni dalili ya ringi au sili za vavu zilizoisha. Moshi mweusi ni petroli inayozidi, na mara nyingi hurekebishika kwenye kabureta au kichujio cha hewa.

Sauti nayo isikilizwe. Mlio wa kukwaruza upande mmoja wa silinda unaweza kuwa wa cheni ya ndani iliyolegea, kasoro inayotengenezeka. Mgongo mzito unaosikika chini kila moto unapoongezwa ni wa beringi za shafti kuu, na huo ni ugonjwa wa gharama. Muuzaji akikataa kuizima na kuiwasha tena, kuna sababu.

Fremu, magurudumu na cheni

Injini iliyochoka hutengenezeka, lakini fremu iliyopinda au kukatika huweza kuua. Gunia moja la mahindi la kilo 100 pamoja na dereva wa kilo 70 ni kilo 170, uzito unaozidi watu wawili wa kawaida ambao pikipiki ndogo huundwa kuwabeba. Zile zinazobeba lumbesa kila siku huanza kupasuka taratibu kwenye maungio.

Sehemu za kutazama ni shingo ya fremu chini ya usukani, mahali mkono wa gurudumu la nyuma unapoungana na fremu, na maungio ya keria. Alama za kuchomelea, rangi mpya sehemu moja tu au uvimbe kwenye bomba ni sababu ya kuuliza maswali mengi. Kama kiungo cha shingo kimechomelewa, ni vizuri kuiacha.

Kisha mtu mmoja asimame nyuma ya pikipiki iliyonyooshwa na kuangalia kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Gurudumu la mbele linyanyuliwe na usukani uzungushwe kushoto na kulia. Ukikwama au kujifunga katikati, beringi za shingo zimekwisha. Gurudumu la nyuma lisukumwe pembeni kwa mikono. Likicheza, bushi au beringi zinahitaji kubadilishwa. Spoku zigongwe moja moja kwa bisibisi, na yenye mlio mfu imelegea au imekatika. Shokomzoba za mbele zibonyezwe mara kadhaa, na oili ikionekana kwenye nguzo zake, sili zimepasuka.

Cheni ivutwe kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka hadi nusu ya jino kuonekana, imekwisha. Meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja yana maana hiyo hiyo. Cheni na sproketi hubadilishwa kwa seti, kwa sababu cheni mpya juu ya meno ya zamani huisha upesi.

Ni vizuri pia kuuliza kama sproketi ni za kiwandani. Baadhi ya madereva hufunga sproketi ndogo nyuma ili wapate mwendo kwenye lami. Pikipiki kama hiyo ikipelekwa mlimani na mzigo hukosa nguvu, na mnunuzi hudhani injini ni mbovu wakati kilichotakiwa ni sproketi yenye meno mengi zaidi.

Jaribio la barabarani

Mnunuzi asilipe kabla ya kuiendesha au kuendeshewa na fundi wake kwa angalau nusu saa, akipita kwenye kilima na njia ya vumbi. Muuzaji ana haki ya kushikilia dhamana wakati huo, na jambo hilo lisimkwaze mnunuzi.

Kwenye kilima, gia ikiwa ya juu, moto uongezwe. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Gia zipandishwe na kushushwa zote. Inayoruka yenyewe na kurudi katikati ina meno yaliyolika ndani, na kuifikia ni lazima injini ifumuliwe. Breki zikamatwe kwa nguvu mahali pa usalama ili kuona kama chombo kinavuta upande. Taa, honi na viashiria vijaribiwe vyote, kwa kuwa hitilafu ya nyaya huchukua muda mwingi wa fundi.

Mwishoni pikipiki izimwe, isubiriwe dakika kumi, kisha iwashwe tena. Inayowaka vizuri ikiwa ya baridi na kugoma ikiwa ya moto itamwacha mwenyewe njiani siku ya soko. Kabla ya kuondoka, ardhi iliyo chini ya injini itazamwe kama kuna matone.

Kadi, namba na madeni

Pikipiki nzima yenye karatasi chafu ni hatari kuliko mbovu yenye karatasi safi. Mnunuzi anayepatikana na chombo cha wizi huweza kukipoteza pamoja na fedha zake, na akajikuta anajieleza polisi.

Kadi ya usajili iwe halisi, siyo nakala. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo na namba iliyogongwa kwenye injini zilinganishwe na za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Alama za tupa au msasa, au namba zisizonyooka, zitiliwe shaka. Injini ikiwa imebadilishwa bila kadi kurekebishwa, tatizo hilo limalizwe na muuzaji kabla ya malipo.

Jina kwenye kadi lilinganishwe na kitambulisho cha Taifa cha anayeuza. Hapa ndipo pikipiki za mkataba huleta migogoro. Kijana ambaye hajamaliza mkataba hana haki ya kuuza, hata kama yeye ndiye anayeonekana nayo kijiweni kila siku, na kwa kawaida kadi hubaki kwa mwenye mali. Vivyo hivyo, pikipiki iliyokopwa huweza kuwa na jina la taasisi iliyotoa mkopo kwenye kadi. Maneno kwamba kadi itakuja baadaye yasipokelewe hata kwa punguzo kubwa la bei. Mwenye jina kwenye kadi afike mwenyewe, au barua ya taasisi inayothibitisha kuwa deni limekwisha ionekane.

Ofisi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zinaweza kuthibitisha usajili, na polisi wa usalama barabarani wanaweza kusaidia kujua kama chombo kinatafutwa. Faini za barabarani huandikwa kwa namba ya chombo, hivyo muuzaji azilipe kwanza ili zisimfuate mmiliki mpya.

Mkataba wa mauziano uandikwe hata kama wahusika ni ndugu au majirani. Uwe na majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya usajili, namba za fremu na injini, bei, tarehe, saa ya makabidhiano na sahihi za mashahidi. Wengi huandikishana kwa wakili au mbele ya viongozi wa mtaa au kijiji. Malipo yakipita benki au kwenye simu, kumbukumbu yake hubaki.

Baada ya hapo umiliki ubadilishwe TRA bila kuchelewa. Pande zote mbili zinahitaji namba ya mlipakodi, na kuna ada ya kubadilisha umiliki pamoja na ushuru wa stempu. Wahusika wakubaliane mapema nani atalipa. Kuendelea kutembea na kadi ya jina la mtu mwingine humuumiza hata muuzaji, kwa kuwa ajali au kosa lolote hufuatilia kwanza jina lililo kwenye kumbukumbu.

Bima ya lazima, ambayo wengi huiita bima ndogo, iwe kwa jina la mmiliki mpya. Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo anahitaji pia leseni ya usafirishaji iliyo chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya Sumatra katika usafiri wa nchi kavu.

Kupatana bei

Orodha ya kasoro ndiyo silaha ya mnunuzi. Badala ya kuomba tu kupunguziwa, anaweza kuonyesha tairi lililoisha, cheni iliyolegea na sili iliyopasuka, kisha akataja bei za vitu hivyo kama alivyoambiwa dukani. Kwa mfano, muuzaji akitaka Sh1,300,000 na vipuri pamoja na fundi vikagharimu Sh200,000, bei ya haki ni karibu Sh1,100,000. Muuzaji mkweli huelewa hesabu hiyo.

Kama yupo dalali, malipo yake yajulikane kabla, na fedha za pikipiki zikabidhiwe kwa mwenye chombo moja kwa moja. Maneno kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani ni ya kawaida sokoni. Haraka haraka haina baraka, na pikipiki zilizotumika hazijawahi kuisha.

Zipo kasoro za kupunguziwa bei na zipo za kuondokea. Tairi, cheni, betri, pedi, nyaya za klachi na hata sili ni vitu vya kawaida. Fremu iliyoungwa shingoni, namba zilizokwanguliwa, kadi isiyoonekana na mgongo mzito wa injini ni sababu za kuaga kwa heshima.

Mwezi wa kwanza

Pikipiki ikishafika nyumbani, oili ibadilishwe siku hiyo hiyo, bila kujali muuzaji alisema nini. Injini hizi hubeba oili kiasi cha lita moja hivi, hivyo gharama yake ni ndogo ukilinganisha na faida. Kwa kazi za vumbi na mizigo, ni vizuri oili isipitishe kilomita 2,000. Kichujio cha hewa kisafishwe, cheni ikazwe na kupakwa oili, na bolti zote zikazwe.

Mmiliki afungue daftari dogo la kuandika petroli, oili, vipuri na fedha ya fundi, na upande wa pili mapato au nauli alizookoa. Baada ya miezi mitatu ataona kama chombo kinamlipa au kinamla. Petroli ikianza kupanda bila safari kuongezeka, kuna kasoro inayokuja, na kuiwahi ni nafuu kuliko kusubiri izime njiani.

Daftari hilo lina faida nyingine. Siku mmiliki atakapotaka kuiuza, atakuwa na kitu ambacho wauzaji wengi hawana: ushahidi wa kazi iliyofanywa na matunzo yaliyotolewa.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

• Mtumiaji wa mwisho ni nani na pikipiki ilifanya kazi gani.

• Vipuri vyake vinapatikana katika mji wa karibu.

• Injini imewashwa ikiwa ya baridi, na tena ikiwa ya moto.

• Oili haina maji wala chembe za chuma, na moshi wa bluu hauendelei.

• Shingo ya fremu haina alama za kuchomelea.

• Jaribio la nusu saa limefanyika, kilima kikiwemo.

• Kadi halisi imeonekana, na namba za fremu na injini zinalingana nayo.

• Mwenye jina kwenye kadi yupo na kitambulisho chake, na hakuna deni la mkataba, mkopo wala faini.

• Sehemu moja ya tano ya fedha bado iko mfukoni.